Hela ya ulinzi: Seoul, Washington na daftari lisilofungwa

Mtaani kwetu kikao cha ulinzi shirikishi huanza saa kumi jioni na kwisha giza likiwa limeshaingia. Kinachokichelewesha ni daftari. Mwenyekiti anasoma majina ya waliolipa na wasiolipa, na kila asiyelipa ana maelezo yake. Yupo mwenye ukuta, geti la chuma na mbwa wawili, anayeuliza yeye alipie nini. Yupo mpangaji wa chumba kimoja anayesema kwake hakuna cha kuibwa. Halafu yupo mama mwenye genge pale kona, ambaye hoja yake hunirudia kila nikisoma habari za mataifa rafiki yanayogombana juu ya gharama za majeshi. Mama huyu hajatoa hata shilingi. Lakini taa inayommulikia mlinzi usiku kucha ni ya kwake, umeme wake unatoka kwenye LUKU yake, na chupa ya chai ya saa tisa usiku huiacha yeye kibarazani. "Hivyo mmeviandika wapi?" huuliza. Daftari halina safu ya taa wala ya chai.

Korea Kusini imekuwa katika nafasi ya mama huyu kwa zaidi ya miaka 30. Kila baada ya miaka michache wajumbe wake huketi na wajumbe wa Marekani kukubaliana Seoul ichangie kiasi gani kuwaweka askari wa Kimarekani wapatao 28,500 walioko kwenye ardhi yake. Huku kwetu habari hizo hutufikia zikiwa zimebanwa kwenye namba moja: wameitisha kiasi fulani, wamekubaliana kiasi fulani, basi. Mimi naona namba hiyo ndiyo inayosema machache kuliko vyote vilivyomo kwenye mkataba. Kwa mshirika mdogo, kinga yake iko kwenye mambo mawili ambayo hayapewi kichwa cha habari: mkataba utadumu muda gani, na nyongeza ya kila mwaka itakokotolewa kwa kanuni ipi.

Ugomvi huu una nasaba yake. Mkataba wa ulinzi wa pamoja kati ya nchi hizo mbili ulitiwa saini Oktoba 1, 1953, miezi miwili na siku chache baada ya kusimamishwa kwa vita ya Korea. Korea Kusini ya wakati ule ilikuwa maskini wa kutupwa, miji yake imebaki vifusi, na hakuna aliyewaza kuidai chochote. Mwaka 1966 zikaandikwa taratibu za kukaa kwa majeshi hayo. Kifungu chake cha 5 kilikuwa wazi: Korea itatoa ardhi na maeneo, gharama nyingine zote za kuwatunza askari ni za Marekani.

Ilipofika 1991 mwenyeji alikuwa amebadilika. Alishaandaa Olimpiki, magari yake yalikuwa yakiuzwa Marekani kwenyewe, na Washington ikaona haina sababu ya kuendelea kulipa peke yake. Badala ya kukifuta kifungu cha 5, wanadiplomasia wakakitia kiraka, wakakiita Mkataba wa Hatua Maalumu. Mwaka wa kwanza Seoul ilitoa won bilioni 107.3, won ikiwa ndiyo sarafu ya Korea. Kiraka kile cha muda kimeshashonwa mara 12, na neno "maalumu" bado lipo kwenye jina lake. Waswahili tunasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huko Korea mgeni amekaa miaka sabini na ushee, na yeye ndiye anayemletea mwenyeji bili.

Nisiwaonee Wamarekani. Hoja yao ina uzito. Mlipakodi wa Ohio ana haki ya kuuliza kwa nini anailipia ulinzi nchi inayomuuzia simu, runinga na friji, nchi ambayo uchumi wake ni miongoni mwa mikubwa duniani na unamzidi mbali mno jirani yake wa kaskazini. Swali hilo halikuanzishwa na Donald Trump. Marais wengi kabla yake waliliuliza, kwa lugha laini zaidi. Alichofanya Trump ni kuliondolea ulaini.

Mwaka 2019 aliliondolea kwelikweli. Mkataba uliokuwa umeisha mwishoni mwa 2018 ulikuwa wa miaka mitano. Uliofuata, wa won trilioni 1.0389, ulikuwa wa mwaka mmoja tu kwa shinikizo la Washington. Kwenye magazeti kilichojadiliwa ni ongezeko la asilimia 8.2, ambalo lilionekana la kuvumilika. Ule mwaka mmoja haukushtua wengi, nao ndio ulikuwa mtego. Wino haujakauka vizuri, wajumbe wakalazimika kurudi mezani, na safari hii Marekani ilikuja ikitaka karibu dola bilioni 5 kwa mwaka, mara tano ya kilichokuwa kikilipwa.

Novemba 19, 2019, mjini Seoul, kikao kilichopangwa kuchukua siku nzima kilivunjika baada ya saa moja na nusu hivi. Kiongozi wa ujumbe wa Marekani, James DeHart, alitoka akawaambia waandishi wa habari kwamba mapendekezo ya Korea hayakukidhi ombi lao la kugawana mzigo kwa haki, na kwamba wamekikatisha ili wenzao wapate muda wa kufikiri upya. Mwenzake wa Korea, Jeong Eun-bo, akasema tofauti kati yao ni kubwa. Marafiki wa damu hawaachani hivyo hadharani mara kwa mara. Mwezi mmoja kabla yake wanafunzi wa vyuo walikuwa wameegemeza ngazi kwenye ukuta wa makazi ya balozi wa Marekani na kurukia ndani kupinga madai hayo hayo.

Bilioni 5 zilitoka wapi? Tufanye hesabu kidogo. Ofisi ya ukaguzi inayofanya kazi chini ya Bunge la Marekani, GAO, ilitoa ripoti Machi 2021. Kati ya 2016 na 2019, inasema, Marekani ilitumia dola bilioni 13.4 kwa ajili ya majeshi yake Korea Kusini, na Korea ikachangia moja kwa moja bilioni 5.8. Zijumlishe, gawanya kwa minne: bilioni 4.8 kwa mwaka, na hapo umeshaweka fungu la kila upande. Kwa maneno mengine, aliyeomba bilioni 5 alikuwa anadai zaidi ya gharama yote. Huko si kuchangia mlinzi tena. Ni kumlipa mlinzi na kumwachia chenji.

Ili dai hilo lisimame, ilibidi safu za daftari ziongezwe. Mkataba wa kawaida una mafungu matatu: mishahara ya Wakorea walioajiriwa kambini, ujenzi, na huduma za ugavi. Washington ilitaka pia gharama za kuleta silaha nzito na vikosi vya zamu kutoka nje ya peninsula. Rais mwenyewe alikuwa ameshalidokeza jambo hilo Singapore mwezi Juni 2018, baada ya kukutana na Kim Jong Un, alipolalamika kwamba ndege za mabomu zinatoka Guam, kisiwa cha Marekani kwenye Pasifiki, saa sita na nusu angani, na kwamba mazoezi yale ni ghali mno. Akayasimamisha siku hiyo hiyo. Seoul haikuwa imeambiwa.

Sasa turudi kwa mama wa genge, maana Korea nayo ina taa na chai yake.

Kambi ya Humphreys iko Pyeongtaek, kusini mwa Seoul. Ndiyo kambi kubwa kuliko zote za Marekani nje ya mipaka yake. Kuijenga kuligharimu karibu dola bilioni 10.8, na takriban asilimia 90 ya fedha hizo ilitoka Korea. Ukweli ni kwamba Korea ndiyo iliyotaka makao makuu yahame kutoka Yongsan, katikati ya mji mkuu, kwa hiyo ilikuwa haki ilipe sehemu kubwa. Lakini hela hiyo haimo kwenye mkataba tunaouzungumzia. Wala hawamo wakulima wa Daechuri, kijiji kilichokuwa na mashamba ya mpunga mahali ambapo kambi ilipanuka. Walikataa kuondoka, polisi na wanajeshi wakaingizwa Mei 2006, na mwaka uliofuata wakahama. Trump alipotembelea Korea Novemba 2017, Rais Moon Jae-in alikwenda kumpokea palepale Humphreys. Si kawaida ya rais kumpokea mgeni kambini. Alitaka mgeni ayaone majengo kwa macho yake. Miaka miwili baadaye bilioni 5 zikadaiwa vilevile, kwa hiyo macho peke yake hayakutosha.

Zaidi ya ardhi kuna watu. Tangu 1950 jeshi la Korea limekuwa likitoa vijana wake kufanya kazi ndani ya vikosi vya Marekani, chini ya makamanda wa Kimarekani, na gharama yao kubwa iko juu ya Seoul. Hawaandikwi.

Na kuna damu. Kati ya 1964 na 1973 Korea Kusini ilipeleka Vietnam askari zaidi ya 300,000 kwa zamu, ikiwa ya pili kwa Marekani yenyewe miongoni mwa mataifa ya nje yaliyopigana upande ule. Karibu 5,000 hawakurudi. Marekani ililipa posho na kuahidi kuliboresha jeshi la Korea, na iliahidi pia kutopunguza askari wake Korea bila kushauriana kwanza. Askari wa Korea walikuwa bado wako msituni Vietnam pale Rais Richard Nixon alipotangaza kuondoa askari 20,000 kutoka Korea. Divisheni ya 7 ya miguu ikaondoka 1971. Park Chung-hee, rais wa Korea wakati ule, alielewa somo kwa namna yake: akaanza kutafuta bomu la nyuklia kwa siri, hadi Washington ilipombana akaacha.

Wasomaji wa Kenya, Uganda na Burundi hawahitaji kuelezwa sana juu ya ubadilishanaji wa namna hii. Nchi zao zilipeleka askari Somalia chini ya bendera ya Umoja wa Afrika, na Umoja wa Ulaya ukalipa posho. Mwanzoni mwa 2016 Ulaya ikapunguza malipo hayo kwa asilimia 20. Marais wa kwetu walikasirika, na walikuwa na sababu, lakini hawakuwa na kifungu cha kukishika. Mwenye pesa alikuwa na bajeti ya kujadili, mwenye askari alikuwa na majeneza. Ukitaka kujua kwa nini muda na kanuni vina thamani kuliko kiwango, tazama pale. Kiwango kilikuwa kizuri. Hakikufungwa na chochote.

Rudi Korea, Aprili 1, 2020. Mazungumzo yamekwama, mkataba wa mwaka mmoja umekwisha, janga la korona limeanza, na Wakorea wapatao 4,000 kati ya karibu 9,000 walioajiriwa kambini wanapelekwa likizo bila malipo. Hawa ni wapishi, mafundi, wazima moto, makarani, watu wa stoo. Kabla ya siku hiyo chama chao cha wafanyakazi kilikuwa kimesema watakwenda kazini hata kama hawatalipwa. Hapo napenda kusimama kidogo, kwa sababu mijadala ya "kugawana mzigo" husahau kuuliza mzigo ukianguka unamwangukia nani. Rais wa Marekani hakukosa chakula cha jioni. Waziri wa Korea naye hakukosa. Fundi wa mabomba wa Pyeongtaek ndiye aliyekaa miezi miwili na zaidi bila mshahara, hadi Juni, Seoul ilipokubali kuwalipa yenyewe wakati mkataba ukisubiriwa.

Ajabu ni kwamba sehemu kubwa ya hela ya mkataba haivuki hata bahari. Inawalipa watu kama huyo fundi, inawalipa makandarasi wa Korea, inanunua huduma Korea. Trump aliita nchi hiyo mashine ya pesa. Ni mashine ambayo noti zake nyingi zinazunguka ndani ya nyumba ileile.

Mwaka 2020 Korea ilipendekeza nyongeza ya asilimia 13 hivi. Trump akakataa. Machi 2021, chini ya Joe Biden, wakakubaliana nyongeza ya asilimia 13.9, won trilioni 1.1833. Soma tena namba hizo mbili. Kilichokataliwa na kilichokubaliwa havipishani kwa lolote la maana. Zile kelele zote, kikao kilichovunjika, likizo bila malipo, zilizunguka palepale. Kilichobadilika ni muda: mkataba ukawa wa kufika mwisho wa 2025. Seoul ikapata pumzi.

Lakini Seoul ilifanya kosa katika kanuni, na naona hili halijazungumzwa vya kutosha. Mkataba wa 2021 ulisema nyongeza ya kila mwaka itafuata ongezeko la bajeti ya ulinzi ya Korea. Kwa sikio la haraka inasikika kama haki: ukijitanua wewe, mchango wako nao unatanuka. Ukiitafakari, ni adhabu. Ni kama kumwambia yule mwenye geti la chuma kwamba kila akinunua mbwa mwingine hela yake ya ulinzi itapanda. Kadiri Korea ilivyojitahidi kujilinda yenyewe, jambo ambalo Washington imekuwa ikilidai miaka yote, ndivyo ilivyozidi kumlipa mlinzi. Kutoka trilioni 1.1833 ikafika 1.4028 mwaka 2025, karibu asilimia 19 ndani ya miaka minne, bila mtu kukaa mezani kuomba.

Kosa hilo lilirekebishwa 2024, na kwa kasi isiyo ya kawaida. Mkataba ulikuwa na zaidi ya mwaka mzima na nusu kabla ya kwisha, lakini mwezi Aprili wajumbe walishakutana Hawaii. Kila mtu alijua wanakimbia nini: uchaguzi wa Marekani wa Novemba 5. Oktoba wakatangaza wamemaliza. Kiwango cha 2026 kikawa won trilioni 1.5192, nyongeza ya asilimia 8.3, ambayo si ndogo. Wapinzani nchini Korea walilalamikia namba hiyo. Mimi ningewaambia watazame mistari iliyofuata. Mkataba wa miaka mitano, hadi 2030. Nyongeza ya kila mwaka inafuata mfumuko wa bei badala ya bajeti ya ulinzi, na hata bei zikipaa haitazidi asilimia 5. Siku chache baada ya tangazo Trump alikuwa Chicago akisema kama angekuwa madarakani Wakorea wangekuwa wanalipa dola bilioni 10 kwa mwaka. Bunge la Korea liliupitisha mkataba Novemba 28, siku tano kabla Rais Yoon Suk Yeol hajatangaza sheria ya kijeshi na nchi kuingia kwenye taharuki. Wangechelewa wiki moja, sijui nani angekuwa na nafasi ya kuujadili.

Thamani ya ile kanuni ilionekana mapema kuliko walivyotarajia. Mwaka 2025 Washington iliwataka washirika wake wa Asia wapandishe matumizi ya ulinzi hadi asilimia 3.5 ya pato la taifa, na Rais mpya wa Korea, Lee Jae-myung, akakubali kuelekea huko. Bajeti ya ulinzi ya 2026 ikapanda kwa zaidi ya asilimia 7. Kwa kanuni ya zamani, kila nyongeza hiyo ingejiakisi kwenye hela ya Wamarekani: Seoul ingelipa mara mbili kwa ahadi moja. Kwa kanuni mpya haikujiakisi.

Hapa msomaji makini atanikatiza. Mbona basi Korea ilitoa ahadi nyingine kubwa mwaka huohuo? Ni kweli, na ndiyo sehemu inayonipunguzia uhakika. Mkataba ulisimama, lakini meza ilihamishwa. Dai lililozuiwa kwenye mlango wa ulinzi liliingia kwa mlango wa biashara. Trump alitishia ushuru wa forodha, na mwishowe Korea ikakubali uwekezaji wa dola bilioni 350 nchini Marekani ili ushuru wa magari yake ushuke hadi asilimia 15. Kwenye taarifa ya pamoja ya Novemba 2025 kulikuwa pia na ununuzi wa silaha za Kimarekani wa dola bilioni 25 hadi 2030, na "msaada wa jumla" wa dola bilioni 33 kwa majeshi ya Marekani yaliyoko Korea.

Hiyo bilioni 33 inanifurahisha. Maelezo ya Seoul ni kwamba si hela mpya. Ni jumla ya misaada yote kwa miaka kadhaa, ya moja kwa moja na isiyo ya moja kwa moja, hela ya mkataba ikiwemo. Yaani walichukua yale yaliyokuwa yakitolewa kimya kimya tangu zamani, wakayapigia hesabu, wakaiweka namba kubwa mbele ya mtu anayependa namba kubwa. Mama wa genge amepata safu yake. Taa imeandikwa, chai imeandikwa, na mwenyekiti amesoma jumla kwa sauti kama vile ni mchango mpya. Nani amemshinda nani hapo, sidhani hata wenyewe wanakubaliana.

Huenda mtu akauliza kwa nini nimekwenda Korea wakati ugomvi maarufu ni wa NATO, muungano wa kijeshi wa Marekani na nchi za Ulaya. Ni kwa sababu ule wa Ulaya unachanganya watu. Nchi za NATO hazilipi Marekani hela ya ulinzi. Ahadi ya asilimia 2 iliyowekwa Wales mwaka 2014, na ile ya asilimia 5 ifikapo 2035 iliyokubaliwa The Hague Juni 2025, ni vipimo vya kila nchi inatumia kiasi gani kwa jeshi lake na mambo yanayofanana na hayo. Na neno "yanayofanana" limepanuliwa sana: asilimia 1.5 kati ya zile 5 inaweza kuwa barabara, madaraja na usalama wa mitandao, na Hispania ilisema wazi mahitaji yake itayatimiza kwa asilimia 2.1. Asilimia ni kipimo cha kujionyesha. Korea wanahesabiana won.

Ulaya nayo iliwahi kuhesabiana hivyo, na aliyehesabiwa aliumia. Katika miaka ya 1960 Ujerumani Magharibi ilikuwa imekubali kununua silaha za Kimarekani ili kufidia dola ambazo askari wa Marekani walikuwa wakizitumia kwenye ardhi yake. Uchumi ulipolegea, Kansela Ludwig Erhard alikwenda Washington Septemba 1966 kumwomba Rais Lyndon Johnson amlegezee. Johnson, mwenye vita yake Vietnam na bajeti yake inayovuja, hakulegeza. Erhard alirudi nyumbani mikono mitupu akiwa na pengo kwenye bajeti, washirika wake serikalini wakamtoka kwa mabishano ya kodi, na mwanzo wa Desemba hakuwa kansela tena. Alikuwa rafiki mwaminifu wa Marekani kuliko wanasiasa wengi wa Bonn, mji mkuu wao wa wakati ule. Uaminifu wake haukuwa na safu kwenye daftari.

Jambo ambalo hela ya Korea haijawahi kulinunua hadi leo ni amri. Ikitokea vita kesho, majeshi ya Korea yaliyo chini ya kamandi ya pamoja yataongozwa na jenerali wa Kimarekani. Mamlaka ya wakati wa amani yalirudishwa 1994. Ya wakati wa vita yamepangiwa tarehe za kurudi mara kadhaa, na tarehe hizo zikasogezwa. Lee amesema anataka yarudi ndani ya kipindi chake, kinachokwisha Juni 2030. Mkataba wa hela unakwisha Desemba mwaka huohuo, na mazungumzo ya mkataba wa 13 lazima yaanze kabla ya hapo, Washington ikiwa na rais mwingine na Seoul ikijiandaa kumpata wake. Ningekuwa karani wa ujumbe wa Korea, ningeanza sasa kuandika safu ya amri kwenye daftari, na ningeiweka juu ya safu ya hela.